Sura ya Saba: Mashine Isiyoshiba Maji

Funga mfereji kwanza. Kabla hujampigia fundi, kabla hata hujatafuta matambara ya kukausha sakafu, zungusha ule mfereji unaopeleka maji kwenye mashine mpaka ugome. Kisha chomoa plagi, mkono ukiwa mkavu na miguu ikiwa mahali pakavu. Ikiwa maji yamekwisha kuifikia soketi au yameuzingira waya wa eksitensheni, plagi usiiguse. Nenda ukazime swichi kuu pale stima inapoingilia nyumbani. Umeme wa Kenya ni volti 240, na saruji iliyolowa huupitisha bila shida.

Ukishafanya hayo mawili, haraka imekwisha. Mashine ya kufulia inayojaza maji bila kukoma humtisha mwenye nyumba, lakini maradhi yake yanahesabika, na mengi huonekana kwa macho bila kifaa chochote. Jambo ninaloshikilia katika sura hii ni kwamba huku kwenye chai, kuanzia Kericho mjini kupitia Litein na Sotik hadi Bomet na Silibwet, mahali pa kuanza kutafuta ni kwenye maji: yanakotoka, yanashuka kutoka kimo gani, yamebeba nini, na yakishatumika yanaelekea wapi. Bodi ya umeme ije mwisho. Nalisema hili kwa uchungu, maana familia nyingi huuziwa bodi kwa pesa za bonasi ya chai, bodi inafungwa, na mashine inaendelea kujaza vilevile kwa sababu ya punje ya mchanga.

Mashine hizi hazijakaa sana vijijini kwetu. Kwa miaka mingi kiwanda cha chai kilikuwa na taa usiku kucha huku mkulima anayekipelekea majani akisomea koroboi. Mradi wa kusambaza stima uitwao Last Mile ulipozinduliwa mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyaya zikaanza kuvuka mashamba. Bonasi ya wakulima wa chai walio chini ya shirika la KTDA hulipwa mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu za viwanda kufungwa mwezi Juni, na pesa hizo zikifika, watu hununua vitu vya kudumu: mabati, tangi, ng'ombe wa maziwa, na siku hizi mashine ya kufulia. Mwenye kuishi huku anaelewa kwa nini. Nguo ya kuchumia chai hushika utomvu wa majani, na utomvu ukikauka huwa doa la kahawia lisilosikia sabuni. Matope ya shambani ni mekundu. Na ukishafua kwa mikono, mvua ya alasiri huikuta nguo kambani ingali inachuruzika. Wengi wanaipenda mashine kwa sababu inakamua, zaidi ya kwa sababu inafua: blanketi linatoka likiwa na unyevu mdogo, na jua la asubuhi linalimaliza. Mashine kama hiyo ikiharibika, mzigo wote unarudi kwenye migongo ileile ya kina mama na wasichana.

Tatizo ni kwamba walioiunda waliikusudia nyumba nyingine. Waliona mbele yao bomba la mji, maji yaliyochujwa, yenye presha ileile asubuhi na jioni, na mtaro wa kumwagia ulio ukutani. Nyumba ya mkulima wa Konoin ina tangi la plastiki lililosimama kando ya jiko, gata inayoteremsha maji ya mabati, na paipu ndefu inayokwenda popote palipo na mteremko. Hitilafu nyingi nitakazozieleza zinatoka katika tofauti hiyo.

Sasa kipimo cha kwanza, ambacho hakina gharama. Plagi ikiwa bado imechomolewa, fungua mfereji tena, taratibu. Mashine isiyo na umeme haitakiwi kuingiza hata tone. Tega sikio kwenye droo ya sabuni, au ifungue uchungulie. Ukiona maji yanaingia, basi vali imekwama ikiwa wazi, na hakuna haja ya kuisingizia bodi wala swichi yoyote. Yasipoingia, rudisha umeme, anzisha mzunguko mfupi bila nguo, kisha simama hapo hapo uangalie mambo mawili kwa pamoja: je, maji yanapanda ndani ya mashine kupita kiasi? Au hayapandi kabisa, ilhali yanasikika yakiingia? Majibu hayo mawili yana njia mbili tofauti. Lakini tuanze na vali, kwa sababu huku kwetu ndiyo yenye visa vingi.

Nyuma ya mashine, pale paipu ya kuingizia maji inapofungwa, kuna mdomo wa plastiki wenye nyuzi za kukazia. Ukifungua paipu na kumulika ndani kwa tochi ya simu utaona kichujio kidogo, duara la wavu mwembamba. Hicho ndicho kinga pekee ya vali. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye kiwambo cha mpira, upana wake unakaribia sarafu ya shilingi ishirini, na juu ya kiwambo kumekaa koili ya umeme yenye pini ya chuma ndani yake.

Watu wengi hudhani kwamba umeme ndio unaofunga vali. Ukweli ni kwamba maji yenyewe ndiyo yanayojifunga. Kiwambo kina matundu mawili. La katikati huzibwa na ile pini, inayosukumwa na springi. La pili liko pembeni na ni dogo sana, pengine nusu milimita tu. Kupitia tundu hilo la pembeni maji hupenya polepole hadi upande wa juu wa kiwambo, yakajaa pale, na kwa kuwa upande wa juu una eneo kubwa linalosukumwa kuliko upande wa chini, kiwambo hugandamizwa na njia ikafungwa. Koili ikipata umeme huinua pini, tundu la katikati likawa wazi, maji ya juu yakachoropoka haraka kuliko tundu la pembeni linavyoweza kuyarudisha. Kiwambo kinainuka, mashine inajaa. Umeme ukikatwa, pini inarudi, chumba cha juu kinajaa tena kupitia kile kitundu, na vali inajifunga kwa nguvu ya maji.

Hapo utaona jinsi punje moja inavyoweza kuangusha mashine nzima. Kitundu cha pembeni kikizibwa na udongo, chumba cha juu hakijai tena, na vali inabaki wazi hata ukiuzima mtaa wote. Punje ikikaa chini ya ukingo wa kiwambo, vali hufunga nusu na maji hudondoka usiku kucha. Asubuhi unaikuta mashine iliyozimwa imejaa. Na presha ya maji ikiwa ndogo mno, hakuna nguvu ya kutosha kukigandamiza kiwambo, hata kama kila kitu ni safi.

Katika nyumba moja upande wa Litein nilimkuta fundi kijana amepiga magoti nyuma ya mashine. Alikuwa amekwisha kuambiwa na mtu wa mjini kwamba bodi imekufa. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa vali, akakitoa, akamgeukia kogo, yaani nyanya mwenye nyumba.

"Kogo, kile kichujio cha hapa kilienda wapi?"

"Nilikitoa, mwanangu. Maji yalikuwa yanakuja polepole sana."

"Na yakaanza kuja kwa kasi?"

"Yakaja. Sasa hayaachi."

Vali ile ilikuwa ya aina yenye skrubu, kwa hiyo iliweza kufunguliwa. Aliifungulia juu ya kisahani cheupe ili springi isipotee, akakitoa kiwambo, akakiinua mbele ya dirisha. Tundu la katikati lilipitisha mwanga. La pembeni halikupitisha. Alikiosha kwa maji safi, akakipuliza kwa mdomo, na katika kisahani kikaanguka kipande cha rangi ya mabati kisichozidi ncha ya kalamu. Hakutumia sindano, na nilifurahi kumwona akijizuia, kwa sababu sindano hulipanua tundu na vali huanza kujifunga kwa kishindo kinachoumiza paipu. Baada ya hapo alikikata kichujio kingine kutoka vali iliyokufa aliyokuwa nayo mfukoni, akakipachika. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko chai tuliyopewa.

Kisa cha kogo yule kinarudiwa nyumba baada ya nyumba. Maji yanapungua kasi, mtu anagundua wavu, anautoa, kasi inarudi, na kuanzia siku hiyo kila kinachoteremka kutoka kwenye paa kinakwenda moja kwa moja kwenye kiwambo. Kichujio kikiziba, kishike kwa koleo, kivute bila kukipasua, kisugue kwa mswaki mkuukuu, ukirudishe. Vali zisizo na skrubu, zilizobanwa kiwandani, hazitengenezeki, badilisha yote. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya bodi.

Uchafu wenyewe una historia. Udongo mwekundu wa Kericho na Bomet ni mwepesi kubebwa na maji, na mvua huku hunyesha karibu mwaka mzima, nyingi zaidi kati ya Aprili na Mei. Mto Nyangores unaopita Bomet mjini ukielekea kuungana na Amalo kuwa mto Mara hutoka katika msitu wa Mau, na kila ekari ya msitu iliyofyekwa inaonekana katika rangi ya maji baada ya mvua. Serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones mwaka 1986, mikanda ya chai iliyopandwa kandokando ya misitu ili iwe mpaka kati ya miti na mashamba, na mwaka 2009 kikosi kazi cha Mau kilitoa ripoti yake ndefu juu ya uharibifu wa msitu huo. Haya husomwa kama habari za siasa. Mimi huyaona pia kwenye vichujio, kwa sababu tope laini lisilotulia hata ndani ya tangi ndilo linaloziba vitundu. Maji ya mabati nayo yana yake: majani, vumbi, kutu, kinyesi cha ndege. Eneo hili ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno, kiasi kwamba miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walijaribu kuizuia kwa roketi zilizolipukia mawinguni. Mvua hiyo huchana majani ya chai, na pia hukwangua paa na kuyateremsha yote kwenye gata.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mashine iko nje ya nyumba. Paipu inayotoka kwenye tangi isianzie chini kabisa, ambako tope hulala. Ipandishwe sentimita kumi au kumi na tano kutoka kitako. Weka kichujio cha bomba, kile kinachofunguliwa kwa mkono na kuoshwa, kati ya tangi na nyumba. Maji ya dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi cha Desemba hadi Februari yaachwe yaende zake.

Kisha pima kimo. Vijitabu vya mashine nyingi hutaja presha ya chini inayohitajika, kwa kawaida kati ya bar 0.3 na 0.5, ukiona imeandikwa 0.05 MPa, hiyo ni bar 0.5. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa takriban bar 0.1. Chukua tangi la kawaida lililosimama juu ya jukwaa la mita moja, likiwa na maji ya kina cha mita mbili. Uso wa maji uko mita tatu kutoka ardhini. Mdomo wa vali uko karibu mita moja. Mita mbili zinazobaki ni bar 0.2, na hapo tangi limejaa. Likipungua, hata hiyo inapungua. Ndiyo sababu kuna nyumba ambazo mashine hufanya kazi vizuri wiki ya mvua, na wiki ya jua inaanza kuvujisha maji ndani, na kila fundi anayeitwa anaikuta katika hali tofauti.

Ardhi yetu ina mteremko, na mteremko ni mali. Tangi likihamishwa hadi sehemu ya shamba iliyo juu ya nyumba kwa mita tano za wima, umepata nusu bar bila kulipia stima. Pasipo mteremko, pampu ndogo ya kuongeza presha inafaa, mradi iwe na kinga ya kujizima tangi likikauka. Ziko pia vali zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya tangi, ambazo koili yake huinua kizibo moja kwa moja bila kutegemea presha. Uliza kama zipo kabla hujanunua pampu. Walio bondeni wana shida ya kinyume. Hifadhi ya maji ikiwa mita 100 juu yao, bomba linawaletea karibu bar 10, kiwango ambacho mashine nyingi hukitaja kama mwisho wa uwezo wake, na nyingine hazifiki hata hapo. Hapo panatakiwa vali ya kupunguza presha, vinginevyo itapasuka paipu.

Turudi kwenye kipimo. Mashine haikuingiza maji ilipokuwa bila umeme. Umeirudishia umeme, maji yanaingia, lakini hayapandi. Toka nje. Tazama mwisho wa paipu ya kutolea maji machafu. Mara nyingi nimeikuta imepitishwa kwenye tundu la ukuta, ikateremka hadi kwenye migomba au kitalu cha sukuma wiki, na maji yanatiririka pale polepole kama chemchemi. Mashine haijaharibika hata kidogo. Mwisho wa paipu ukiwa chini kuliko uso wa maji ndani ya mashine, na paipu ikishajaa, maji hujivuta yenyewe na kutoka. Mashine inaona maji hayajatosha, inaongeza, paipu inayatoa, na tangi la lita 5,000 linaweza kuishia shambani huku nguo zikiwa nusu kavu.

Dawa yake ni kuipandisha paipu ya kutolea maji nyuma ya mashine hadi kimo cha kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, ifungwe hapo isianguke, kisha idumbukie kidogo tu katika bomba pana zaidi linaloteremka kwenda nje. Nasema kidogo na nasema pana. Ukiichomeka kwa kina na kuziba ukingo kwa mpira au saruji ili harufu isitoke, umeirudishia njia ya kujivuta. Lazima hewa iingie pale paipu mbili zinapokutana. Sharti hili huvunjwa na hata wajenzi wazuri, kwa sababu wao wamezoea mabomba ya choo na jikoni, ambako kiungo kisichoingiza hewa ndicho kiungo bora.

Inabaki hali ya tatu: bila umeme maji hayaingii, kwa umeme yanaingia na kupanda mpaka kioo cha mlango kinafunikwa. Hapo mashine haijui imejaa.

Mwenye kufanya kazi kwenye boila ya kiwanda, iwe Momul, Tegat au Kapkoros, ataelewa upesi. Boila ina kioo cha kuonyesha kina cha maji, na njia ya kwenda kwenye kioo ikiziba, kioo kinadanganya hata kama ni kizima. Mashine ya kufulia haina kioo hicho, ina hewa. Chini ya beseni kuna kichupa kidogo, na kutoka kwenye kichupa hicho kinapanda kibomba chembamba cha mpira hadi kwenye swichi ya presha iliyo juu. Maji yakipanda ndani ya beseni, hewa iliyonaswa kwenye kibomba hubanwa, ikasukuma kiwambo ndani ya swichi, na swichi ikaiambia mashine iache. Kinachosukuma ni kidogo mno: maji ya kina cha sentimita kumi hutoa bar 0.01 tu. Kwa hiyo tundu la ncha ya pini kwenye kibomba linatosha kuipotosha swichi. Hewa inavuja, swichi haisikii kitu, maji yanaendelea.

Huku kwetu kibomba hicho kina maadui wawili. Wa kwanza ni panya, ambaye katika miezi ya baridi ya Juni na Julai hutafuta mahali pa joto na hukuta nyuma ya mashine panafaa. Angalia alama za meno, na ukiona mavi ya panya chini ya mashine usiendelee kutafuta mbali. Wa pili ni sabuni. Maji ya mvua hayana chumvichumvi za mawe, ni laini, na maji laini hutoa povu jingi kwa sabuni kidogo. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti mara nyingi kimekusudiwa maji magumu zaidi. Mama aliyezoea kufua kwa mkono hupima sabuni kwa povu aliloliona kwenye karai, akimimina na kuongeza. Ile ya ziada, hasa kwenye maji baridi, huganda kuwa ute wa kijivu ndani ya kile kichupa na kuifunga njia ya hewa. Toa kibomba, pitisha maji ya uvuguvugu kwenye kichupa mpaka yatoke safi, kausha kibomba kabisa, rudisha. Kuanzia hapo tumia nusu ya sabuni uliyokuwa ukiitumia, na mara moja kwa mwezi uendeshe mashine tupu kwa maji ya moto.

Swichi yenyewe, kama ni ya aina ya zamani, inapimika kwa pumzi. Mashine ikiwa haina umeme, puliza kibomba taratibu. Utasikia mlio mdogo wa kubofya, na ukiachia, mlio mwingine. Kusipokuwa na mlio, badilisha swichi. Aina mpya hazibofyi, hutuma ishara kwenye bodi, na hizo zinahitaji mita.

Nimeulizwa mara kadhaa kama mwinuko wetu ndio unaoichanganya mashine. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 93, na ni kweli kwamba hewa ni nyepesi. Lakini swichi ya presha hulinganisha hewa iliyobanwa ndani ya kibomba na hewa ileile ya chumbani iliyo upande wa pili wa kiwambo. Pande zote mbili zimepungukiwa sawa. Mwinuko hauhusiki, na anayekuuzia kifaa cha kurekebisha mwinuko mkatalie.

Umeme sasa. Ikiwa vali ni safi, paipu imepanda, kibomba hakina tundu na swichi inabofya, basi inawezekana bodi inaipa koili umeme bila kuacha. Swichi ndogo ya kielektroniki kwenye bodi hushikana, hasa baada ya radi au stima kurudi kwa kishindo. Fundi mwenye mita ataiweka kwenye nyaya za koili wakati mashine inatakiwa kuwa imetulia. Akipata volti 240 hapo, bodi ina hatia. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo mazungumzo ya bei ya bodi yaanze. Mwambie akuonyeshe hicho kipimo. Fundi mwaminifu haoni haya kuonyesha. Aangalie pia viungo vya nyaya, maana unyevu wa huku huviotesha kutu ya kijani. Kazi hii usiifanye mwenyewe ikiwa hujafunzwa, na wakati wa ngurumo chomoa plagi hata kama nguo ziko katikati.

Mashine nyingi hujieleza zenyewe kwenye kioo cha namba. Kwenye mashine za LG, herufi FE humaanisha maji yamezidi, IE humaanisha hayafiki upesi, na PE humaanisha kipima-maji kina kasoro. Kwenye nyingi za Samsung, 4C au 4E ni shida ya maji kuingia. Zisome pamoja na ulichokiona kwa macho. Mashine yenye paipu inayojivuta inaweza kuonyesha IE, na anayeiamini herufi peke yake atakwenda kununua pampu asiyoihitaji.

Ukienda mjini kununua vali, nenda na ile mbovu mkononi. Vali hutofautiana kwa idadi ya midomo ya kutolea, moja, mbili au tatu, na kwa pembe: nyingine hutoa maji upande uleule yalikoelekea, nyingine hupinda nyuzi 90. Hakikisha imeandikwa volti 220 hadi 240. Kama muuzaji ana mita, apime koili hapo hapo kaunta. Koili nzima kwa kawaida husoma kati ya omu 3,000 na 5,000, na iliyokatika haisomi kitu. Angalia pia kwamba kichujio kipo mdomoni.

Ukishaifunga, usiiache ikafua usiku huo. Anzisha mashine tupu, na maji yakiwa yanaingia, chomoa plagi ghafla. Maji yakome ndani ya sekunde moja au mbili. Weka alama ya kalamu kwenye kioo cha mlango, au kwenye dramu kama mlango uko juu, ukae robo saa. Alama isipofunikwa, rudisha umeme uache mzunguko uishe huku ukitazama mwisho wa paipu ya nje: maji yatoke pampu inapovuma tu. Rudia jaribio hilo tangi likiwa karibu kuisha, kwa maana hapo ndipo nguvu ya vali ya kujifunga huwa ndogo kuliko wakati mwingine wowote. Na hata likifaulu mara zote mbili, funga mfereji kila unapomaliza kufua.